Ngome kwenye stempu, jina kwenye matope ya Rufiji

Mwezi Juni 1935, katika mji wa Königsberg uliokuwa pembe ya mashariki kabisa ya Ujerumani, yalifunguliwa maonyesho ya stempu yaliyoitwa OSTROPA. Posta ya Ujerumani ilitoa karatasi ndogo yenye stempu nne kwa ajili ya maonyesho hayo, na kila stempu ilibeba jengo moja la jimbo la Prussia Mashariki. Ya pfennig 3 ilikuwa na ngome ya Allenstein. Ya pfennig 6 ilionyesha mnara wa ukumbusho wa Tannenberg, na ya pfennig 25 ngome ya Heilsberg. Ya pfennig 12, ambayo ndiyo iliyokuwa gharama ya kutuma barua ya kawaida ndani ya nchi hiyo, walipewa wenyeji wa maonyesho: ngome ya Königsberg, iliyoanzishwa na mashujaa wa Kikristo wa Kijerumani mwaka 1255 na ambamo mfalme wa kwanza wa Prussia alijivika taji mwaka 1701.

Katika miaka hiyohiyo ya 1930, wanunuzi wa chuma chakavu walikuwa wakipekua mabaki ya manowari yenye jina la mji huo, iliyokwama kwenye matope ya delta ya Rufiji, upande ambao leo ni Wilaya ya Kibiti, mkoani Pwani. Huko Ulaya mji unachorwa kwenye karatasi ili usisahaulike. Huku Afrika Mashariki jina lake linang'olewa shaba na kuuzwa kwa uzito.

Habari za manowari ya SMS Königsberg zimeandikwa sana, karibu kila mara kama habari za mabaharia. Vitabu vinahesabu mizinga, vinataja makapteni wa pande zote mbili, vinaeleza mvuke na makaa ya mawe. Delta yenyewe hutokea kama kichaka cha kujifichia, chenye mbu na mamba. Ukiyafuata mambo kwa njia ya stempu, picha hubadilika, kwa kuwa stempu ni tamko la serikali kuhusu kitu inachokiona kinastahili kutazamwa. Na kwa zaidi ya miaka ishirini ya posta ya Kijerumani katika nchi hii, hakuna nyumba hata moja ya pwani yetu iliyoonekana inastahili.

Turudi mwaka 1905. Januari mwaka huo mafundi wa bandari ya Kiel walianza kuiunda Königsberg, na Desemba 12 ikateremshwa majini. Kati ya tarehe hizo mbili, Rufiji ilikuwa inawaka. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alikuwa amewapa watu maji na sababu ya kuungana; Julai vita vya Maji Maji vilianzia milima ya Matumbi; na Agosti Wajerumani wakamnyonga Kinjikitile pale Mohoro, kusini mwa delta, mji ambao wakati huo ulikuwa makao ya utawala wao wa Rufiji. Basi wakati meli ile inaungwa mabamba ya chuma huko Kiel, wazee wa watu ambao baadaye wangeburuta vyuma vyake kwenye mchanga walikuwa wanapigwa risasi na kuchomewa vyakula.

Mohoro ilikuwa na posta. Barua iliyogongwa muhuri hapo baada ya 1901 ilibandikwa stempu yenye picha ya Hohenzollern, boti ya anasa ya Kaisari Wilhelm wa Pili. Picha hiyohiyo ilitumika katika makoloni yote ya Ujerumani, kuanzia Togo na Kamerun hadi Samoa na Kiaochow huko Uchina. Kilichobadilika ni jina la koloni na fedha. Huku kwetu ziliandikwa kwa pesa na rupia, pesa 64 kwa rupia moja, kisha kuanzia 1905 kwa heller, mia kwa rupia. Kaisari hakuwahi kufika Afrika Mashariki. Boti yake ilifika kila siku, ndani ya mifuko ya posta.

Ajabu ni kwamba wachoraji wa Berlin walijua vizuri thamani ya jengo kwenye stempu. Mwaka 1900, wakati picha ya boti inaanza kusambazwa makoloni, stempu ya mark 1 ya Ujerumani yenyewe ilipambwa kwa jengo la makao makuu ya posta, Berlin. Makoloni hayakupewa heshima hiyo hata kwa majengo ambayo Wajerumani wenyewe waliyajenga. Kanisa la Kilutheri la Azania Front na Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, Dar es Salaam, yote mawili yalikamilika mwaka 1902 mbele ya bandari, pazuri pa kuchorwa. Boma la Bagamoyo lilikuwepo. Msikiti mkubwa wa Kilwa Kisiwani ulikuwa umeshasimama mamia ya miaka kabla ya Berlin kuwa mji wa maana. Hakuna lililopewa nafasi.

Hapa ndipo Rufiji inapodai haki yake kubwa zaidi, kwa sababu delta hii haina ngome wala mnara, lakini imeezeka miji. Misitu yake ya mikoko, yenye takriban hekta 53,000, ndiyo mikubwa kuliko yote iliyo pamoja katika pwani ya Afrika Mashariki. Kwa karne nyingi mikandaa na mikoko ya hapa ilikatwa, ikamenywa magome, ikahesabiwa kwa korija za miti ishirini ishirini na kupakiwa kwenye majahazi. Minene iliitwa boriti; iliyopungua unene ikawa mazio na pau; myembamba kabisa ikawa fito. Ikavuka kwenda Unguja, ikapanda hadi Lamu na Mombasa, na kwa pepo za kusi ikafika Oman, Bahrain na bandari nyingine za Ghuba ambako mti wa kujengea ni adimu.

Mtu anayeingia kwenye nyumba ya zamani ya Mji Mkongwe huuliza kwa nini vyumba ni virefu lakini vyembamba. Jibu liko juu ya kichwa chake. Boriti ya mkoko ina nguvu ya kubeba dari ya mawe na chokaa kwa urefu wa kama mita mbili na nusu hadi tatu, na kuta zikajengwa kuufuata urefu huo. Fundi aliyepanga sebule ya tajiri wa Forodhani alipima kwa mti uliokuwa umesimama kwenye tope la vijiji vya delta kama Msala au Salale. Hivyo usanifu wa Unguja, ambao leo watu husafiri kutoka mbali kuutazama, umeamuliwa kwa sehemu na maji chumvi ya Rufiji, na mkataji aliyesimama tope la magotini akisubiri maji yapwe anastahili kutajwa pamoja na wahunzi na wachonga milango.

Wajerumani waliliona hilo kama hesabu ya fedha. Kabla ya karne ya 19 kwisha walikuwa wameshaitangaza mikoko ya delta kuwa msitu wa serikali, wakaweka ofisi ya misitu Mohoro, wakatoza ushuru wa miti na kusafirisha magome kwa ajili ya viwanda vya kulainisha ngozi. Mwanahistoria Thaddeus Sunseri ameandika kwa kina jinsi wenyeji wa delta walivyojikuta wageni katika msitu waliokuwa wakiishi nao.

Königsberg iliingia bandari ya Dar es Salaam mwanzoni mwa Juni 1914, ikiwa na urefu wa mita 115 na mizinga mikubwa kumi, chini ya Kapteni Max Looff. Wenyeji waliishangaa, kwa kuwa wakati ule haikuwapo meli ya kivita ya Kijerumani ya kiasi hicho katika maji haya. Julai 31, vita ikinukia, ikatoka bandarini. Agosti 6 ikaikamata meli ya mizigo ya Waingereza, City of Winchester, kwenye Ghuba ya Aden. Septemba 20 alfajiri ikatokea Unguja, ikaikuta manowari ya Waingereza, Pegasus, imetia nanga na mashine zake zimefunguliwa kwa matengenezo, ikaipiga mpaka ikazama. Makaburi ya mabaharia wa Pegasus yapo hadi leo katika kisiwa kidogo cha Chapwani, mbele ya Mji Mkongwe.

Baada ya hapo mitambo yake ikaharibika, na Looff akaipeleka mahali ambapo wapimaji wa Kijerumani walikuwa wamepachora vizuri kuliko Waingereza: ndani ya mikono ya Rufiji, karibu na Salale. Vipande vya mtambo vilivyohitaji karakana vilishushwa, vikafungwa kwenye magogo na kuburutwa kwa nguvu za watu kupita njia za mchanga na mabonde hadi Dar es Salaam, kisha vikarudishwa kwa njia ileile. Ni safari inayozidi kilomita mia moja kila upande. Hakuna orodha ya majina ya waliovuta kamba zile, na hili ndilo pengo chungu zaidi katika habari nzima. Tunajua majina ya meli zilizoisaidia Königsberg kwa makaa, mpaka ile ya Somali iliyoteketea Novemba 1914. Hatujui jina la mvutaji mmoja wa Kibiti au Mkuranga, vijiji ambavyo njia ile haikuweza kuviepuka.

Oktoba mwisho Waingereza wakaigundua. Wakaziba mkondo wa Suninga kwa kuzamisha meli ya Newbridge, wakaweka manowari kulinda midomo mingine, lakini meli zao nzito hazikuweza kuingia. Mlinzi mkubwa wa Königsberg alikuwa kina kifupi cha maji. Hapo macho yao yakageukia Mafia.

Kisiwa cha Mafia kiko mkabala na delta. Leo boti za abiria huvuka kutoka gati la Nyamisati, Kibiti, hadi Kilindoni. Waingereza walikitwaa Januari 1915 ili ndege zao zipate mahali pa kurukia na kuitafuta meli ndani ya mikoko. Pamoja na kisiwa walikuta posta, na ndani ya posta wakakuta stempu za Kijerumani za boti ya Kaisari ambazo hazijauzwa. Hawakuzichoma. Walichukua muhuri wa mkono, wakagonga neno MAFIA juu ya picha, na stempu zikaendelea kutumika chini ya mwenye kisiwa mpya.

Kwa wakusanyaji, hizo ni miongoni mwa stempu adimu za Afrika Mashariki, na zimeghushiwa sana kwa sababu muhuri wa mpira ni rahisi kuuiga. Thamani yake kwa msomaji wa kwetu, hata hivyo, si ya mnada. Kwa mara ya kwanza jina la mahali petu padogo, kisiwa cha wavuvi na wakulima wa minazi, lilikaa juu ya boti ya Kaisari likaifunika. Lilifanya hivyo kwa amri ya mkoloni mwingine, ndiyo, na baada ya muda mfupi Waingereza walileta stempu za India zilizopigwa chapa kwa ajili ya kisiwa hicho. Bado ni ushahidi wa wino wa jinsi mamlaka yalivyobadilika mikono katika mlango wa Rufiji, na haukutengenezwa Berlin wala London. Ulitengenezwa mezani, kisiwani, na mtu aliyeshika muhuri.

Bara, upande wa Wajerumani, stempu nazo zikaanza kuisha kwa sababu ya mzingiro. Mwanzoni mwa 1916 kiwanda cha chapa cha misheni ya Vuga, Usambara, kilipiga stempu za dharura. Kabla hazijahitajika, meli ya Marie ikapenya mzingiro na kufika ghuba ya Sudi, kusini mwa Lindi, ikiwa na shehena iliyojumuisha stempu mpya. Zile za Vuga zikaishia kufukiwa ardhini zisitekwe, zikafukuliwa baada ya vita. Hata hizo hazikuwa na picha ya nyumba.

Ili kuimaliza Königsberg, Waingereza walileta meli mbili bapa, Severn na Mersey, zilizokuwa zimeagizwa na Brazil kwa ajili ya mito yake. Zilivutwa kutoka Ulaya kupitia Suez hadi Mafia, zikaingia delta Julai 6, 1915, zikashindwa. Julai 11 zikarudi, ndege ikiwa juu inaelekeza mapigo, na safari hii zikaipata. Ndege ile iliangushwa lakini waliokuwamo walinusurika. Looff, meli ikiwaka, akaamuru ilipuliwe na kukaa chini pale ilipo.

Kisha Rufiji ikavuta kamba kwa mara nyingine. Mizinga kumi ilitolewa majini, ikapelekwa Dar es Salaam kuundiwa magurudumu, ikatawanywa kupigana nchi kavu. Mmoja upo Fort Jesus, Mombasa, jirani na mzinga wa Pegasus. Mwingine upo mbele ya majengo ya serikali ya Union Buildings, Pretoria. Mwili wa meli ulibaki. Mwaka 1924 John Ingles, aliyekuwa kapteni wa Pegasus, alinunua haki ya kuyachuma mabaki kwa pauni 200 na kutuma wazamiaji kutoa madini ya thamani. Kazi iliendelea kwa mikono tofauti hadi miaka ya 1960, na mwaka 1966 mabaki yakaporomoka na kumezwa na sakafu ya mto.

Mji nao ulikwenda njia hiyo. Usiku mara mbili mwishoni mwa Agosti 1944 ndege za Uingereza ziliulipua Königsberg, na ngome ya stempu ya pfennig 12 ikaungua. Aprili 1945 mji ukaangukia mikononi mwa jeshi la Kisovieti. 1946 ukaitwa Kaliningrad, na Wajerumani waliobaki wakahamishwa. Magofu ya ngome yalilipuliwa mwaka 1968, miaka miwili tu baada ya meli yenye jina hilo kutoweka Rufiji. Mnara wa Tannenberg, ule wa pfennig 6, ulilipuliwa na Wajerumani wenyewe walipokuwa wakikimbia mwaka 1945. Ngome za Allenstein na Heilsberg zimesalimika, lakini ziko Poland, katika miji inayoitwa sasa Olsztyn na Lidzbark Warmiński. Karatasi iliyotolewa kutangaza uimara wa mashariki ya Ujerumani haina jengo hata moja lililobaki Ujerumani.

Na karatasi yenyewe inajila. Gundi iliyopakwa nyuma ya stempu za OSTROPA ilikuwa na asidi ya salfuriki, nayo huigeuza karatasi kuwa ya kahawia na kuifanya ivunjike. Wenye nazo hulazimika kuchagua: kuacha gundi ya asili na kuitazama stempu ikiharibika, au kuiosha kwa maji na kuiokoa picha. Wataalamu hushauri kuosha.

Wakati wa stempu zenye majengo yetu ulifika baadaye. Mwaka 1957 Zanzibar ilitoa mfululizo uliokuwa na Msikiti wa Mnara wa Malindi, msikiti wa Dimbani na kasri la Kibweni. Mwaka 1961 stempu za uhuru wa Tanganyika zilibeba mandhari ya ufukwe wa Dar es Salaam. Dimbani hasa ilikuwa chaguo zuri, kwa kuwa maandishi ya Kikufi kwenye kibla chake ni ya mwaka 500 wa Hijria, sawa na 1107, na ni ya zamani kuliko ngome ya Königsberg kwa karibu karne moja na nusu.

Shirika la Posta Tanzania lingefanya jambo la haki likiitengea Rufiji karatasi yake ya stempu nne. Mohoro ingestahili moja, pamoja na jina la Kinjikitile. Ya pili ingebeba wavuta kamba, wengi, wakiwa mbele na chuma kikiwa nyuma. Ya tatu iwe stempu ya MAFIA ya 1915, yenye muhuri juu ya boti. Ya nne iwe chumba cha Mji Mkongwe kikitazamwa kutoka chini, boriti zikionekana dari nzima, na maandishi yataje kijiji zilikokatwa: Salale, Wilaya ya Kibiti.